Kabla Hujamwongezea Golemu Mikono Minne

Mchezaji wa Dungeons & Dragons akishapata kiumbe wake wa kwanza wa kuundwa, awe golemu wa mawe au kijitu cha shaba chenye mabawa, wazo la pili halichelewi: nikiwa na wawili itakuwaje? La tatu linafuata hapo hapo: siwezi kuwaunganisha wakawa jitu moja? Maswali yote mawili ni halali, na sehemu kubwa ya majibu imo ndani ya kanuni zenyewe. Tatizo ni kwamba wachezaji wengi huanza kwa kujumlisha pointi za uhai, na dhahabu yao hupotelea hapo. Kitu cha kuhesabu kwanza ni matendo: kiumbe wako anafanya nini katika zamu moja, nani anamwamuru, na amri hiyo inakugharimu nini.

Kwa asiyeujua mchezo: ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kule Marekani. Watu huketi mezani, kila mmoja akiigiza mhusika wake, na msimamizi wa mchezo huendesha dunia nzima iliyobaki. Dadu ndizo huamua kama upanga umepata au umekosa. Viumbe wa kuundwa ni wale ambao hawakuzaliwa: udongo, mawe, chuma au viungo vya maiti vilivyopewa uhai kwa uchawi. Golemu mwenyewe ametoka katika masimulizi ya Kiyahudi, na yule wa viungo vya maiti ni wazi kwamba ana undugu na riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818.

Takwimu za makala hii ni za toleo la tano kama lilivyochapishwa mwaka 2014, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo. Nimelichagua kwa sababu meza nyingi bado zinalitumia, na kwa sababu waraka wake wa msingi, SRD 5.1, uliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023, kwa hiyo unaweza kuupakua na kuutumia bila kulipa chochote. Golemu wote wanne wamo humo. Taaluma ya fundi wa uchawi, Artificer, haimo. Hiyo utaikuta katika Tasha's Cauldron of Everything cha mwaka 2020.

Amri moja, viumbe wawili

Tuanze na fundi huyo, maana ndiye anayewapata viumbe hawa mapema kuliko wengine wote. Fundi wa tawi la Battle Smith akifika ngazi ya 3 hupewa Steel Defender, mlinzi wa chuma. Kinga yake, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate, ni 15, na pointi zake za uhai ni 2, kuongeza akili ya fundi, kuongeza mara tano ya ngazi yake. Fundi wa ngazi ya 5 mwenye akili ya +4 atakuwa na mlinzi wa pointi 31. Fundi huyo huyo anaweza pia kutengeneza Homunculus Servant, kijitu kinachoruka, kwa kito cha thamani ya vipande 100 vya dhahabu. Katika ngazi hiyo hiyo kijitu kina pointi 10 tu, na kinakula nafasi moja kati ya vifaa ambavyo fundi anaruhusiwa kuvitia uchawi.

Mchezaji anayeanza huona hapo jeshi dogo. Lakini kanuni inasema kila mmoja wao, katika zamu yake, anaweza kutembea na kukwepa tu, mpaka fundi atumie tendo lake la ziada kumwamuru afanye jingine. Tendo la ziada ni moja kwa zamu. Ukimwamuru mlinzi ashambulie, kijitu kinakwepa. Ukikiamuru kijitu kirushe pigo lake, mlinzi anakwepa. Umenunua pikipiki mbili na dereva ni mmoja.

Njia ya kutoka iko kwenye tendo la kujibu, kwa sababu hilo halihitaji amri. Mlinzi wa chuma, adui aliye ndani ya futi 5 akimshambulia mtu mwingine, anaweza kuingilia kati na kumlazimisha adui huyo arushe dadu mbili na kuchukua ndogo. Kijitu nacho, kikiwa ndani ya futi 120 kutoka kwa fundi, kinaweza kupeleka uchawi wa kugusa ambao fundi ameufanya kutoka mbali. Hivyo basi muunganiko wenye faida ni huu: tendo la ziada lote linakwenda kwa mlinzi ili ashambulie, tendo lake la kujibu linamkinga mwenzako wa mbele, na kijitu, bila kuamriwa, kinapeleka Cure Wounds kwa majeruhi aliyelala upande wa pili wa ukumbi wakati wewe umejificha nyuma ya nguzo. Mambo matatu kwa gharama ya tendo moja na tendo moja la ziada. Kumbuka tu kwamba katika toleo la 2014 uchawi huo wa kuponya haufanyi kazi kwa viumbe wa kuundwa, kwa hiyo usikitume kijitu kikamponye mlinzi. Mlinzi anatengenezwa kwa Mending, uchawi mdogo usiokwisha, unaomrudishia dadu 2 za pande 6 kila unapofanywa. Vita ikiisha, dakika chache za kazi zinatosha kumrudisha alivyokuwa.

Akivunjika kabisa pia si msiba. Ndani ya saa moja, ukiwa karibu naye na una zana za uhunzi, unatumia nafasi moja ya uchawi ya daraja la 1 au zaidi, na baada ya dakika moja anasimama akiwa na pointi zake zote. Kwa maoni yangu hapa ndipo uwekezaji wa fundi ulipo: huyu ni kiumbe unayeweza kumtuma mahali ambapo hungemtuma rafiki. Wachezaji wanaomtunza mlinzi wao kama yai hawajaisoma aya hiyo.

Uboreshaji wake rasmi unakuja kwenye ngazi ya 15: kinga inaongezeka kwa 2, na adui anayezuiwa naye anaumia papo hapo. Ona kwamba waandishi wa kanuni hawakumwongezea uhai hapo. Walilitia nguvu lile tendo la kujibu.

Vingi vidogo au kimoja kikubwa?

Uchawi uitwao Animate Objects, wa daraja la 5, ndio mahali pazuri pa kujifunzia hesabu ya kuunganisha, kwa kuwa unakuuliza swali lenyewe waziwazi. Katika toleo la 2014 unahuisha vitu hadi 10. Kitu cha ukubwa wa kati kinahesabiwa kama viwili, kikubwa kama vinne, na kikubwa sana kama vinane. Unaweza kuchukua visu kumi, au mlango mmoja wa ngome pamoja na meza.

Kisu kimoja kina shambulio la +8 na kinaumiza dadu 1 ya pande 4 kuongeza 4, yaani wastani wa 6.5. Visu kumi vikipata vyote ni 65. Mlango wa ngome nao una +8, na pigo lake ni dadu 2 za pande 12 kuongeza 4, wastani wa 17. Meza itaongeza 8. Jumla 25. Dhidi ya adui mwenye kinga ya 20, ambapo shambulio la +8 linapata mara 9 katika 20, visu bado vinatoa wastani wa 29 kwa raundi, wakati mlango peke yake hautimizi 8. Na amri moja ya tendo la ziada inatosha kwa vyote, mradi unaviamuru jambo lile lile.

Je, kikubwa hakina kazi? Kinayo. Kisu kina pointi 20 za uhai. Tufe la moto la daraja la 3, lenye wastani wa 28, likidondoka katikati ya visu vyako, kila kisu kitakachoshindwa kujinusuru kwa wastani huo kimekwisha. Mlango una pointi 80 na unaziba korido. Kama unataka kuua, gawanya. Kama unataka kuziba njia ili wenzako wakimbie, unganisha. Yapo pia maadui wasiodhurika na mapigo yasiyo ya kichawi, na golemu wa chuma ni mmoja wao. Mbele yake visu vyako kumi ni kelele tu. Muulize msimamizi wako mapema kama vitu vilivyohuishwa vinapiga kichawi au la, kabla hujatumia nafasi ya daraja la 5.

Toleo la 2024 lilipunguza neema hii. Idadi ya vitu sasa inategemea uwezo wa kichawi wa mhusika, si kumi moja kwa moja, na kikubwa kinahesabiwa kama viwili, kikubwa sana kama vitatu. Wanaosimamia meza walipumua. Kurusha dadu mara kumi kwa zamu ya mtu mmoja kulikuwa kunawachosha wote wengine.

Golemu anayelishwa moto

Sasa tuingie kwa wakubwa. Golemu hutengenezwa kwa kitabu maalumu, Manual of Golems, na kila kitabu kinafundisha aina moja tu. Wa udongo huchukua siku 30 na vipande 65,000 vya dhahabu. Wa maiti siku 60 na 50,000. Wa mawe siku 90 na 80,000. Wa chuma siku 120 na 100,000. Kukielewa kunahitaji mchawi mwenye angalau nafasi mbili za daraja la 5, na asiyestahili akijaribu kukisoma anaumia akilini kwa dadu 6 za pande 6. Kazi ikikamilika kitabu kinaungua, na majivu yake yakinyunyizwa juu ya golemu ndipo anapoamka. Maana yake hakuna nakala ya pili. Chagua vizuri.

Uchaguzi huo watu huufanya kwa kutazama pointi za uhai: wa maiti 93, wa udongo 133, wa mawe 178, wa chuma 210. Mimi ningetazama kwanza kikosi chako kina uchawi gani. Golemu wa maiti akipigwa na umeme haumii. Anapona kwa kiasi kile kile ambacho angeumia. Wa udongo hivyo hivyo kwa tindikali, na wa chuma kwa moto. Wa mawe hana chakula cha aina hiyo. Kwa hiyo mwenzako mwenye Shocking Grasp, uchawi mdogo usiokwisha ambao hata mwanafunzi anao, anaweza kumponya golemu wa maiti bure mchana kutwa. Kinga ya golemu huyo ni 9 tu, hivyo kumkosa ni bahati mbaya.

Kwa golemu wa chuma wazo la kwanza la kila mtu ni tufe la moto: maadui wanaungua, golemu anapona. Linafanya kazi, ila kuna kitu kinachosahaulika. Golemu ana ukinzani dhidi ya uchawi, yaani anaporusha dadu ya kujinusuru anarusha mbili na kuchukua kubwa. Akifanikiwa anapokea nusu, na akipokea nusu anapona nusu. Ngao yake inamnyima chakula. Ukuta wa moto, Wall of Fire wa daraja la 4, hauna kasoro hiyo. Baada ya kusimamishwa, yeyote anayemaliza zamu yake ndani yake anapata dadu 5 za pande 8 za moto, bila kurusha chochote cha kujinusuru. Msimamishe golemu wako ndani ya ukuta, kwenye mlango, na kila zamu atarudisha wastani wa pointi 22 huku kila anayemfuata akiungua. Hapo umeunganisha vitu viwili kwa maana halisi ya neno, na hukuhitaji nyundo wala kanuni mpya.

Usijaribu kumbadilisha umbo. Golemu wote wanne wana sifa inayokataa uchawi wowote wa kugeuza umbo lao, kwa hiyo ndoto ya kumgeuza golemu wa chuma kuwa joka haipo. Na wa maiti na wa udongo wana hatari nyingine: wakianza zamu wakiwa na pointi 40 au chini kwa wa maiti, 60 au chini kwa wa udongo, dadu ya pande 6 inarushwa, na ikitoka 6 wanapandwa na wazimu na kumpiga yeyote aliye karibu, wewe ukiwemo. Yule wa maiti unaweza kujaribu kumtuliza kwa maneno. Wa udongo hasikii. Ndiyo maana kuwalisha mapema si anasa.

Yupo mmoja ambaye, kwa maoni yangu, anawashinda hawa wote kwa mchawi anayesafiri: Shield Guardian. Huyu amefungwa na hirizi. Aliyeivaa, akiwa ndani ya futi 60 kutoka kwa mlinzi huyo, nusu ya maumivu yake yote yanahamia kwa mlinzi, na mlinzi anajirudishia pointi 10 kila zamu yake inapoanza. Zaidi ya hapo, mvaaji mchawi anaweza kumwekea uchawi mmoja wa daraja la 4 au chini, na mlinzi akaufanya atakapoamriwa, au tukio lililopangwa likitokea. Hebu fikiria ule ukuta wa moto wa daraja la 4 ukiwa ndani ya Shield Guardian, na golemu wa chuma akisubiri mlangoni. Lakini hirizi ikiibwa, umeibiwa vyote. Ivae ndani ya nguo.

Kununua nyama

Toleo la 3.5, la mwaka 2003, lilikuwa na bei ya wazi ya kumkuza golemu, na inafaa kuiangalia hata kama hulichezi. Kila dadu ya uhai ya ziada iliongeza vipande 5,000 kwenye bei ya soko, na golemu akivuka kwenda ukubwa wa juu zaidi, 50,000 nyingine. Muundaji pia alilipa pointi zake za uzoefu, moja ya ishirini na tano ya bei baada ya kutoa gharama ya malighafi maalumu. Golemu wa chuma, bei 150,000 na dadu 18 za uhai, alikula pointi 5,600 za uzoefu. Mkuze hadi dadu 24: bei 180,000, pointi 6,800. Dadu ya 25 inamvusha ukubwa, kwa hiyo ni 235,000 na pointi 9,000. Dadu hiyo moja imegharimu 55,000.

Na kwa zile dadu sita za kwanza umepata nini? Dadu ya pande 10 ina wastani wa 5.5, kwa hiyo umelipa vipande 30,000 kwa pointi 33 za uhai na nyongeza ya usahihi wa kupiga. Katika toleo hilo hilo kutengeneza golemu aliyeumia kulikuwa vipande 50 kwa kila pointi, hadi pointi 20 kwa siku. Pointi 33 za kutengeneza ni vipande 1,650. Kwa fedha ya kukuza ungemtengeneza golemu yule yule mara kumi na nane.

Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili ilikwenda njia nyingine kupitia taaluma ya Inventor iliyotoka mwaka 2021 ndani ya Guns & Gears. Mvumbuzi akichagua kiumbe kama uvumbuzi wake, anamwekea badiliko la kwanza mwanzoni, la pili kwenye ngazi ya 7, na la tatu kwenye ngazi ya 15. Huna duka la sehemu; una nafasi tatu katika maisha yako yote. Nadhani ni mpango mzuri kuliko wa 3.5, kwa kuwa kila badiliko linakumbukwa mezani.

Kama bado unataka kuwaunganisha

Toleo la tano halina kanuni rasmi ya kuchanganya golemu wawili wakawa mmoja. Mtakuwa mnatunga kanuni ya nyumbani, na msimamizi ndiye mwenye neno la mwisho. Hii ndiyo ambayo ningempelekea.

Mwili mmoja ndio msingi: pointi za uhai, kinga na idadi ya mapigo vinabaki vya kwake, havijumlishwi. Kutoka kwa wa pili unachukua uwezo mmoja, na udhaifu wake wote. Muda na dhahabu unalipa vya kitabu cha yule wa pili, na golemu wa pili anaharibika. Chukua golemu wa mawe mwenye 178 na umtie uwezo wa kula umeme kutoka kwa yule wa maiti: siku 60, vipande 50,000. Sasa mwenzako anaweza kumponya kwa Shocking Grasp, jambo ambalo mawe hayakuwa nalo. Lakini anarithi hofu ya moto, ambayo inamharibia mashambulizi kila anapoungua, na anarithi wazimu. Kizingiti cha wazimu kilikuwa 40 kati ya 93, karibu nusu. Kiweke 89 kwa mwili mpya. Wachezaji watalalamika kuhusu wazimu. Usikubali kuuondoa, kwani ndio unaofanya uamuzi uwe mgumu.

Msimamizi akitaka kujua kama jitu hilo limezidi, Dungeon Master's Guide cha 2014 kinaeleza namna ya kukokotoa kipimo cha ugumu: uhai na kinga upande mmoja, wastani wa maumivu kwa raundi tatu upande wa pili, kisha katikati yake. Kwa mfano wetu kipimo kinasogea kidogo sana, kwa kuwa hakuna pigo lililoongezwa. Ombi la mikono minne, yaani mapigo mawili zaidi kwa zamu, linakipandisha kipimo mara moja. Hilo ndilo msimamizi mwenye busara atalikataa, au atalitoza bei ya golemu mzima mwingine.

Kabla ya kikao kijacho, mwandikieni golemu wenu kadi moja: kinga, uhai, kinachomponya, kinachomtia wazimu, nani ana amri, na amri inatumia tendo gani. Kisha mpiganisheni raundi tatu na adui wa mazoezi huku mmoja wenu akishika saa. Zamu ya golemu ikichukua muda mrefu kuliko ya mhusika wa kawaida, rusheni mapigo yake yote kwa dadu za rangi tofauti kwa wakati mmoja, au tumieni wastani wa maumivu uliochapishwa badala ya kurusha.